Tumbo Langu na Sahani ya Kwanza

Mimi ni mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi hapa Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, au hitima, au mtoto wako anatoka jandoni, utakuja barazani kwangu siku kumi kabla, utakaa, utaulizia hali ya watoto, halafu utataja kilo za mchele kana kwamba zimekuponyoka tu mdomoni. Nitakwambia kuni kiasi gani, vitunguu kiasi gani, na wanawake wangapi wa kumenya. Sufuria ninazo, kubwa nne. Nasema haya ili ujue unaongea na nani. Sikuanza jana.

Sasa sikiliza jambo la aibu, na mimi nimekwisha amua kwamba aibu hiyo si yangu. Pilau ninayoipika mwenyewe, ambayo watu wanagombania ukoko wake, nikiila inanilaza. Si kwamba ni mbaya. Ni tumbo langu. Halitaki vitunguu maji, halitaki vitunguu saumu, kunde halitaki kabisa, na maziwa tusiyataje. Kwanza linajaa hewa, linavimba mpaka watu wananiuliza mimba ya miezi mingapi, na mimi mjukuu ninaye. Kisha linasokota. Kisha linaniendesha siku mbili, tatu. Halafu linafunga wiki nzima, limeninunia. Hayo ndiyo maisha yangu na siyasemi kwa mafumbo.

Lilianza tulipokimbia vita. Tulitoka na nguo tulizovaa, mimi, mume wangu na binti zetu wawili, tukakaa porini siku ambazo sikuzihesabu, tukinywa maji ya madimbwi tuliyoyachuja kwa kapulana, kanga zetu za huku. Wote wanne tuliharisha. Wenzangu walipona. Mimi nilifika walikokuwa wakimbizi wenzetu nimebaki macho na meno, na sokoni pale kulikuwa na mtu anauza vidonge vya rangi mbili, kimoja kimoja, kutoka kwenye kopo. Nikameza vitatu asubuhi, vitatu jioni. Kuhara kukakatika, nikamwombea dua yule muuzaji. Baada ya mwezi kukarudi, nikanunua vingine. Niliendelea hivyo hata tuliporudi nyumbani; kila tumbo likinguruma, mimi nalishindilia kidonge.

Watu walinipa majina ya ugonjwa bure, sikuyaomba. Huyu alisema chango. Yule alisema minyoo. Mwingine aliniita pembeni akaniambia nimelishwa kitu, na akanitajia na aliyenilisha, ambaye ni mtu aliyenisaidia kubeba maji wiki nzima nilipokuwa sijiwezi. Nilikunywa mizizi ya kila mti unaoota kutoka hapa mpaka Ruvuma. Mingine ilikuwa michungu hadi masikio yakaziba. Tumbo likabaki vilevile.

Na juu ya yote hayo kuna sahani ya kwanza, ambayo mtu wa mbali lazima aelezwe. Zamani, kijijini kwetu kabla hatujahamishwa kupisha mradi wa gesi, mpishi alionja mchuzi kwenye kijikombe mbele ya wenye shughuli, watu wakacheka, basi. Tulikuwa tunajuana. Quitunda ni nyumba za matofali zilizopangwa mstari, jirani yako umemkuta hapohapo, na baada ya vita tulirudi tumechanganyika zaidi, kila mtu anamwangalia mwenzake mikono. Ndipo kijikombe kikageuka sahani. Siku hizi chakula kikiiva, mpishi anakalishwa mkekani katikati ya wanawake, anapakuliwa sahani iliyojaa, naye anaila mpaka chini huku wanamtazama. Akimaliza, upande wa wageni unanawa mikono. Asipokula, hawanawi. Hakuna shehe wala kiongozi wa mtaa aliyeweka sheria hii. Ni hofu tu ya kulishwa sumu, na hofu ikishazoeleka watu wanaiita mila.

Mimi nimeila sahani hiyo shughuli baada ya shughuli. Nilikuwa nakula natabasamu, nanawa, nagawa chakula mbiombio, kisha napotea. Nilijua muda wangu. Nikila adhuhuri, mpaka karibu na alasiri tumbo litakuwa limekwisha kunifikia, na kufikia hapo lazima niwe karibu na choo cha mtu. Vyoo vya Quitunda navijua kuliko waliovijenga.

Binti yangu mkubwa alipoolewa nilipika mwenyewe. Nani mwingine apike? Nikala sahani ya kwanza, yote, nikijiambia leo Mungu atanisitiri. Kwetu bibi harusi anatolewa alasiri. Mama ndiye anayemshika mkono kutoka chumbani, anamvusha kizingiti, anamwekea mkono kichwani na kumwombea dua, kisha anamkabidhi kwa shangazi wa mume. Baba hafanyi hivyo, bibi hafanyi. Mama, kama yuko hai. Na saa hiyo mimi nilikuwa chooni nimeshika ukuta kwa mikono miwili, jasho linanichuruzika mpaka kwenye macho, nasikia vigelegele vinaanzia mlangoni kwangu, vinashika njia, vinaisha.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyemtoa. Binti alipouliza mama yuko wapi, akaambiwa mama analia ndani, hawezi kustahimili kukuona ukiondoka. Watu wakasifu sana. Mama yule ana uchungu na mwanawe, walisema. Nilitoka nikakuta viti vitupu na mbwa analamba sinia. Sikumwambia mtu, na binti yangu akaendelea kuamini nililia. Kila akilitaja kwa upendo, mimi nilitamani ardhi inimeze, maana sijawahi katika maisha yangu kujifungia ndani nikalia. Nikiwa na uchungu mimi nafoka.

Baada ya hapo nikamwambia mume wangu, nipeleke hospitali Pemba, huu mji wa mkoa wetu, si kile kisiwa. Mume wangu ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Aliuza kitanda alichokuwa ametuchongea sisi wenyewe, tukaenda. Tulimchukua na binti yetu mdogo, kwa sababu yeye Kireno chake ni cha sekondari na changu ni cha sokoni: kuomba chenji, kukataa samaki aliyelala.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko nilivyotaka, mtu wa kusini, Kiswahili hana hata salamu. Kwa hiyo kila alichouliza kilipita mdomoni mwa binti yangu. Na aliuliza, wallahi. Mara ngapi kwa siku. Laini au ngumu. Ina rangi gani. Inaelea? Mtoto niliyemfundisha kwamba mambo ya msalani hayatajwi mbele ya mkubwa, leo anayataja mbele ya mamake, kwa lugha mbili, bila kupepesa. Baba yake alikuwa anasoma bango la chandarua ukutani kana kwamba atatahiniwa. Nilipokawia kujibu, binti akaniambia, "Mama, hebu sema. Hatukuja Pemba kuona haya."

Wakachukua damu, wakachukua na hicho kingine kwenye kikopo. Majibu yakarudi: hakuna kitu. Hakuna minyoo, hakuna amiba, hakuna kidonda. Nikakasirika. Nikamwambia binti, mwulize, hicho hakuna kitu ndicho kinachonipeleka chooni mara saba?

Daktari hakukasirika. Alisogeza kiti. Akasema tumboni mwa kila mtu wanaishi vijidudu, bakteria, wengi kuliko binadamu wote duniani, na usidhani wote ni adui. Wengi wao ni wapangaji wema: kile chakula ambacho utumbo umeshindwa kukisaga, wao wanakimalizia. Yale maji ya madimbwi labda yaliingiza wabaya. Vile vidonge nilivyokuwa nikivimeza ovyo labda viliwaua wabaya pamoja na wema, na walioota upya si walewale. Na utumbo wenyewe, baada ya msukosuko ule, labda umebaki mwepesi wa kushtuka. Unapiga kelele kwa kitu ambacho tumbo la mwenzio halikisikii. Alisema "labda" nyingi sana, na mimi nikamheshimu kwa hilo, maana katika wote walioninywesha mizizi hakuna aliyewahi kuniambia labda.

"Ugonjwa huu una jina?" nikauliza. Akalitaja kwa Kireno. Binti akatafuta neno kidogo, akasema, "Mama, ni utumbo wenye hasira."

"Basi huo ni wangu," nikamwambia. "Umefanana na mwenyewe."

Nikauliza yote. Unaambukiza? Hauambukizi. Naweza kuwapikia watu? Nawa mikono na sabuni kama mpishi mwingine yeyote, upike. Unaua? Hauui. Unapona? Hapo akayumbisha kiganja: unatulizwa. Unazidi ukiwa na hofu au hasira, kwa sababu kichwa na utumbo vinasemezana mchana kutwa. Akaniambia niache vidonge vya sokoni. Akaniambia niache vitunguu maji, saumu, kunde na maziwa kwa wiki sita, halafu nirudishe kimoja kimoja nione mkorofi ni yupi. Kitunguu, mimi! Nikamwuliza kama anajua kazi yangu. Akasema anajua, binti amemwambia. Basi nitumie majani mabichi ya kitunguu, na saumu niikaange kwenye mafuta kisha niitoe, ladha itabaki. Msichana wa juzi, ananifundisha kukaanga. Nilikwenda nyumbani nikajaribu ili nimwone mwongo, na ladha ikabaki kweli.

Wiki sita zile nilianza kulala. Sikupona, nisikudanganye. Lakini nilijua sasa nani ananipiga na kwa nini. Uji mchachu aliokuwa akitunywesha mama yangu, niliurudia kidogokidogo, kwa sababu daktari alisema wengine unawafaa na wengine unawavimbisha. Mimi umenifaa. Vitunguu nilivirudisha siku moja, kwa kiburi tu, nikalipia siku tatu. Mkorofi tukawa tumemjua.

Kisha huyu mtoto wa kutafsiri akachumbiwa. Bwana harusi ni mtu wa Quionga, kwao wana minazi na heshima, na shangazi yake ndiye mwenye sauti. Siku ilipopangwa nikamwambia mume wangu, "Nitapika mimi. Sahani ya kwanza siili."

Akaweka randa chini. "Watasema."

"Waseme."

Akanishauri atafutwe mpishi mwingine. Nikamtazama tu. Binti yangu aolewe, mimi nipo hai, miguu ninayo, pilau ipikwe na mtu mwingine? Wifi yangu akaja na lake: pika isiyo na vitunguu, kwa wote. Nikamwambia siwezi kuwapikia wakwe pilau ya wodini. Pilau bila kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawa haina rangi wala adabu. Basi kula tonge moja, akasema. Hata tonge. Basi jifanye unakula, uteme kwenye ushungi.

"Nimejifanya vya kutosha," nikamwambia. "Mwanangu mmoja aliondoka mimi nikiwa nimechuchumaa. Huyu nitamtoa mwenyewe, kwa mkono wangu."

Siku ikafika. Niliamka alfajiri na binti yangu mkubwa, aliyekuja na mtoto wake, akakaanga vitunguu vya sufuria zote nne, macho mekundu, hakulalamika. Pembeni, kwenye jiko la mkaa, nikajipikia kisufuria changu: mchele, samaki, bizari, mdalasini, na mafuta yaliyokaangiwa saumu. Adhuhuri wageni wa Quionga walikuwa wameketi, wamevaa wakavalika, na mkeka ukatandikwa katikati.

Nikakaa. Sahani ikaletwa, imejaa mpaka inamwagika. Nikaisukuma pembeni kwa vidole viwili, nikaweka kibakuli changu mbele yangu, nikasema bismillahi, nikaanza kula.

Shangazi wa bwana harusi akasogea mbele. "Mpishi, mbona unakula chako?"

"Kwa sababu hicho kinanidhuru, shangazi."

"Chakula ulichokipika wewe kinakudhuru wewe, halafu unatupa sisi."

Nilijua atasema hivyo. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema. Na nilijua pia kwamba nikiinamisha kichwa, harusi ya mwanangu imekufa hapohapo. Nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wanaume nje.

"Mimi nina ugonjwa wa utumbo. Nimepimwa Pemba, hauambukizi, haukutoka kwa jini wala kwa mtu. Nikila kitunguu naharisha. Hapa nimekula sahani zenu za kwanza miaka yote hii, na nyote mmenawa mkala mkashiba, mimi nikaenda kuharisha vyooni kwenu mkidhani nimekwenda kuswali. Siku ya harusi ya mwanangu mkubwa nilikula. Wakati anatolewa mlangoni mimi nilikuwa chooni. Leo siendi kokote. Leo siili."

Binti yangu mkubwa alikuwa amesimama na mwiko mkononi. "Mama," akasema polepole. "Siku ile hukuwa unalia?"

"Nililia. Kwa tumbo."

Akanitazama, nikajua nimemnyang'anya kitu alichokuwa amekitunza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka, mwanaharamu yule, anacheka machozi yanamtoka, na wanawake wawili watatu wakashindwa kujizuia naye. Akaja akakaa kando yangu mkekani, akaivuta ile sahani. "Vitunguu hivi nimekaanga mimi tangu alfajiri," akamwambia shangazi. "Na mimi ni mpishi wa shughuli hii. Nitazame." Akala mpaka chini. Akaomba na limau.

Shangazi alimtazama tonge kwa tonge, hakuruka hata moja. Kisha akanyoosha mikono aletewe maji. Hakuniangalia, lakini alinawa, na Quionga nzima ikanawa nyuma yake.

Ningependa niseme mambo yaliishia hapo. Tumbo langu halikuonja kitunguu hata kimoja siku ile. Lakini hasira niliyoimeza mkekani pale ilitosha sufuria tano, na daktari alikwisha niambia kichwa na utumbo vinasemezana. Alasiri, gari la upande wa bwana harusi liko nje linanguruma, wanawake wamejipanga, shangazi yuko mlangoni tayari kumpokea, mimi chumbani nimemshika mwanangu mkono, mkono una hina mbichi, na tumbo likanikata.

Nilisimama. Nikavuta pumzi. Likakata tena, safari hii kwa nguvu, na mimi hilo nalijua, halina mjadala. Mwanangu aliona uso wangu akajua, yeye aliyetafsiri yote. Aliukaza mkono wangu.

Wifi yangu naye alijua. Akaninong'oneza, "Nenda dada, nenda. Mimi nitamtoa. Tutasema unalia."

Alinionea huruma kweli, sina ugomvi naye. Lakini neno lile lilinipanda kichwani. Nikauachia mkono wa mwanangu, nikamwambia, "Kaa kitandani. Usinyanyuke kwa mtu yeyote." Nikaenda mimi mwenyewe mpaka kizingitini, nikasimama mbele ya wakwe, wanaume kwenye viti, mume wangu katika kanzu yake, majirani, watu ambao nimewapikia na ambao sijawapikia.

"Jamani," nikasema, "tumbo limenishika. Naenda chooni. Bibi harusi hatoki mpaka nirudi."

Shangazi akauliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize."

Nikachukua kopo la maji. Choo chetu kiko upande wa barabara, kwa hiyo nilipita katikati yao wote, sikukimbia, ingawa Mungu anajua nilitaka. Watu wakanipisha. Nikafunga mlango wa bati. Nikasikia mtu anakohoa nje, nikasikia gari linazimwa.

Dakika zikaenda. Dereva, ambaye alikuwa ndani ya gari na hakusikia chochote, akapaza sauti, "Tunasubiri nini?"

Nikasikia shangazi wa Quionga anamjibu, kwa ile sauti yake ya kufika kila mahali, bila kunong'ona na bila kupindisha.

"Tunamsubiri mama yake. Yuko chooni."

Nikakaa mpaka nilipomaliza.